Mtani Wetu Toé na Pikipiki ya Mama Noélie

Wasamo mimi siwapendi. Baba yangu hakuwapenda, babu yangu hakuwapenda, nami nikanyonya hivyo hivyo. Ni watumwa wetu sisi Wamosi, tena walaji wa mbwa, na ukimuuliza Msamo atakwambia watumwa ni sisi, walaji wa vichwa vya punda. Ndivyo utani ulivyo. Akifa Mmosi, mtani wake Msamo anakuja kulala mlangoni ili jeneza lisipite mpaka apewe chake, na huyo huyo ndiye atakayelia kuliko wafiwa. Kwa hiyo nikikwambia kwamba mtu wa maana kuliko wote katika barabara yetu hapa Gounghin, mtaa wa jiji la Waga, ni Msamo, ujue ukweli umenibana koo.

Anaitwa Barthélemy Toé, lakini nani ana muda na jina lote hilo? Ni Toé tu. Anauza pikipiki mpya. Mimi, Poko, nakaanga bajia za kunde mbele ya duka lake, na moshi wangu unaingia kwake bila hodi.

"Mama Bajia," hunipigia kelele kila asubuhi, "pikipiki zangu zinanuka vitunguu!"

"Afadhali vitunguu kuliko mbwa," namjibu, na siku imeanza.

Ni mfupi, ana kitambi cha heshima na sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Alikuja Waga kutoka kwao Tougan akiwa kijana, akaziba pancha chini ya jua miaka na miaka mpaka akafungua duka. Kabla ya hapo, anasimulia mwenyewe, alinunua pikipiki yake ya kwanza kwa pesa ya pamba ya familia nzima. Ikamfia njiani siku ile ile. Aliporudi nayo, muuzaji alimwambia bila hata kunyanyuka kitini: "Ilitoka hapa nzima. Ukiiharibu, ni yako." Toé akaisukuma mpaka kijijini, na watoto wa njiani wakamuuliza huyo mnyama anampeleka mnada gani. Akisimulia hivyo anacheka mpaka anakohoa. Lakini mimi nimemtazama machoni akisimulia, na sehemu ile ya muuzaji kukaa kitini hajawahi kuicheka.

Ndiyo maana dukani kwake kuna sheria. Mteja akija na pikipiki iliyoharibika, hata kama anatukana, hata kama ameshika jiwe, hasemi neno kuhusu pikipiki mpaka akae, anywe maji, na asalimiwe salamu zote za kwao, za mke, za watoto, za mbuzi. Nyumbani kwako mgeni unampa maji kwanza, habari baadaye, sivyo? Toé anasema mteja mwenye pikipiki mbovu ni mgeni aliyetoka mbali. Na nimeona kwa macho yangu watu waliokuja wanawaka moto wakamaliza kikombe wakiwa wanaulizia hali ya mvua Tougan.

Sasa, Mama Noélie.

Pélagie Zoungrana, mama yake Noélie, ni jirani yangu kule nyumbani. Mjane. Ameuza vitambaa sokoni maisha yake yote, na maisha yake yote amepakiwa. Nyuma ya baba yake, nyuma ya mumewe, nyuma ya shemeji. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema ila aliamini mwanamke akishika usukani wa pikipiki mvua hainyeshi. Katika mji huu, ambapo wasichana wanapita kwa pikipiki huku mtoto kalala mgongoni, yeye alikuwa anapanga foleni ya kupakiwa mpaka mvi zikamtoka. Halafu Noélie akapata mchumba. Siku ya kupanga harusi, wazee wamekaa, njugu za kola zimeshagawanywa, mtoto akasema mbele ya watu wote: "Kwenye ofisi ya meya, kufungishwa ndoa, nataka nipelekwe na mama. Mama aendeshe, mimi nikae nyuma."

Looo! Watu walicheka, wakadhani utani. Wifi yake Pélagie, Albertine, dada wa marehemu, hakucheka.

"Mama yako aendeshe nini? Toroli?" akasema. "Gari la mwanangu lipo. Utapanda gari kama watu. Huyu atakumwaga mtaroni na shela lako, tuje tukuanike kama kunde."

Pélagie akaenda zake kulala. Asubuhi akafungua sanduku lake, akaja kwa Toé, akanunua pikipiki nyekundu, nyekundu kama pilipili. Fundi wa Toé, Issouf, akamfundisha kwenye uwanja wa mpira, na mimi niliacha bajia zikiungua nikaenda kutazama. Aliogopa, alipiga kelele, aligonga goli. Siku aliyozunguka uwanja mzima bila kuweka mguu chini alishuka akanikumbatia, akalia, akasema, "Poko, kumbe upepo uko hivi ukiwa mbele!" Jamani. Nililia na mimi, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Pikipiki ile ilikuwa na nailoni. Hapa lazima tuelewane. Toé hufunga pikipiki zake zote nailoni nyeupe inayobana, kiti, taa, tangi, kila kitu, kwa sababu ya mafuta ya moshi wangu. Akiuza, Issouf anachukua kisu aitoe. Na kila mteja anapiga yowe: "Acha! Acha hapo hapo!" Kwani wewe kwako rimoti umeitoa nailoni? Friji langu mimi linayo mpaka leo. Kitu kipya kikivuliwa nailoni kimeshakuwa cha jana. Basi Pélagie naye alipiga yowe, na nailoni ikabaki. Pale juu ya mfuniko wa tangi alikata kijimlango kidogo cha kutilia mafuta, na kila akimaliza alikifunga kwa utepe wa gundi, akaupitishia kidole mara tatu, kama anafunga zawadi ya askofu.

Wiki ile ile pikipiki ikaanza vituko.

Nilimwona anakuja anaisukuma, jasho linamtiririka, kilemba kimemwangukia sikioni. Wapita njia wanamwuliza kama imeshiba majani. Harusi imeshakaribia, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko ile pikipiki.

"Toé! Mwizi wewe! Mla mbwa! Umeniuzia maiti!"

"Karibu, bibi yangu," Toé akasema, kashavuta kiti. "Maji hayo."

"Sitaki maji, nataka pikipiki!"

"Maji kwanza. Punda hawajambo nyumbani? Bado mnawala?"

Akanywa. Alikunywa kwa hasira, lakini akanywa, na mwisho wa salamu akaeleza: inakwenda vizuri, halafu inaanza kukohoa, halafu inazima katikati ya barabara, na ukiipiga kiki inakutazama tu. Issouf akaichukua. Akafungua tangi kuona kama mafuta yapo, yapo. Akapiga kiki. Ikawaka mara moja, ikanguruma kama haijawahi kumwudhi mtu.

Unaijua ile homa inayopona ukifika hospitali? Ndiyo hiyo. Toé akabadilisha plagi palepale, akasafisha kabureta, hakumdai kitu, akamwombea safari njema. Hata chungu changu cha pili hakijachemka, huyo, anarudi anasukuma. Ilizimia mbele ya soko, mbele ya wauza vitambaa wenzake wote, na nani alikuwa anapita na gari la mwanawe? Albertine. Alishusha kioo akasema, "Wifi, nikupe lifti?" Kwa upole kabisa. Upole ule unauma kuliko tusi.

Issouf akafungua tangi, akaangalia, akapiga kiki. Ikawaka.

"Mama," akasema, naye kachoka, "labda kuna kitu unabonyeza. Nyinyi kina mama mkiogopa..."

Nilikuwa nimeinua mwiko kumjibu, lakini Toé alinitangulia. Sijawahi kumsikia akimfokea Issouf, ila siku ile alimfokea.

"Ishia hapo! Amesema inazima, inazima. Yeye ndiye alikuwa juu yake, wewe ulikuwepo? Mteja hasingiziwi hapa. Mpe maji tena."

Halafu akampa Pélagie ufunguo wa pikipiki yake mwenyewe, lile dude lake jeusi lenye honi ya mbuzi, akamwambia afanye nalo mazoezi. "Yako nabaki nayo mimi. Nitaipanda mpaka iniue. Harusi yako haitakosa pikipiki, na ikikosa, Noélie nitambeba mgongoni mimi mwenyewe mpaka kwa meya. Sisi si watumwa wenu?"

"Ndiyo mlivyo," Pélagie akasema. Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

Basi Gounghin ikapata sinema ya bure. Toé na kitambi chake juu ya pikipiki nyekundu ya kike, kiti cha maua, nailoni inametameta. Alikwenda nayo sokoni. Alikwenda nayo kanisani. Wamosi wakampigia vigelegele njia nzima: "Bibi harusi huyo! Mahari yake mbwa wangapi?" Naye anapunga mkono. Na pikipiki haikuzima. Hata chafya haikupiga! Alirudi kwangu kununua bajia, uso umemshuka.

"Mama Bajia, hii kitu inaniheshimu kuliko mke wangu. Nitamwambia nini yule mama? Nikimwambia ni nzima, nitakuwa yule aliyekaa kitini."

"Basi usimwambie. Mwache aendeshe yeye, wewe kaa nyuma, ikizima mtazimika wote."

Nilisema kwa mzaha. Akaacha kutafuna. "Ebo! Kumbe Wamosi mna akili, mnaificha tu."

Akamwita. Pélagie akafika, akanywa maji, akaambiwa afanye kila kitu kama anavyofanya siku zote, asibadilishe hata kidogo. Akaipeleka kituo cha mafuta cha jirani, akatia mafuta, akafunga mfuniko, akarudisha kijimlango chake cha nailoni, akakifunga na utepe mpya, akakipitishia kidole mara tatu. Toé akapanda nyuma. Mtaa ulisimama! Msamo kapakiwa na Mmosi! Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa nusu. "Mtumwa kapandishwa kiti!" watu wanaimba, na Toé anaitikia, "Punda wangu huyu, nampeleka josho!" Wakaondoka.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na wote wawili, na wote wawili wanagombania sehemu nzuri. Walizunguka, wakavuka bwawa, wakarudi. Ikaanza kukohoa. Pélagie akapiga kelele, "Umesikia? Umesikia?" kwa furaha, mtu anafurahia pikipiki yake kuharibika! Ikazima. Toé akashuka, akamwambia asiguse kitu. Akainama, akatazama. Nailoni pale juu ya mfuniko ilikuwa imenyonywa ndani, imebonyea kama mashavu ya mzee anayevuta kiko. Akaweka kidole, akasikiliza. Akachana ule utepe, akafungua mfuniko.

Fyuuu, tangi likavuta pumzi.

Toé akakaa chini. Pale pale kwenye vumbi, suruali ya kazi na yote, akacheka mpaka machozi. Mfuniko wa tangi una kitundu kidogo cha kupitishia hewa. Mafuta yanavyopungua, hewa lazima iingie, la sivyo yanagoma kushuka, na injini inakufa na kiu wakati maji yapo mtungini. Pélagie alikuwa anaiziba pua pikipiki yake kwa mapenzi. Na kila ilipofika dukani, Issouf alifungua mfuniko kuangalia mafuta, ikapumua, ikapona, naye Pélagie akaiziba tena kabla ya kuondoka. Toé mwenyewe alipoipanda alitia mafuta akaacha kijimlango wazi, maana yeye na utepe wapi na wapi.

Pélagie hakucheka. Alisimama na mikono kichwani. "Kwa hiyo ni mimi. Nimekutukana bure. Nimekuvua nguo mbele ya mji mzima kwa kosa langu mwenyewe."

"Lako? Nailoni kaifunga nani? Mimi. Na mimi nikaifunga kwa ajili ya nani? Mama Bajia na moshi wake. Kosa la Mmosi hilo, ila si wewe." Akajifuta macho. "Nimekuuzia pikipiki nikasahau kukupa maneno yake. Muuzaji anayeuza chombo bila maneno ameuza nusu. Nisamehe, mama."

Aliniambia Pélagie: katika maisha yake yote hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia nisamehe juu ya kitu chenye magurudumu.

Kuanzia siku hiyo Toé alipitia wateja wake mmoja mmoja na kisu mfukoni, akiwatoboa nailoni pale juu ya mfuniko, na wengine walilia kama wanatahiriwa. Ya Pélagie aliichana yote ya tangi. Akaikagua pikipiki toka taa mpaka taa, akaiosha, akaikabidhi.

Ikafika siku ya harusi. Mimi siku hiyo nilifungua kidogo tu, niuze bajia za asubuhi halafu niwawahi kwa meya. Msafara lazima upite kwetu. Toé alikuwa ametoa kiti nje, kavaa kanzu yake ya bluu, anasubiri kuona kazi yake ikipita. Tukasikia honi. Weee! Pikipiki zimejaa barabara nzima, vijana wanasimama juu ya viti, vigelegele, vumbi, na mbele ya wote Pélagie, kavaa njano, kilemba kimesimama kama jogoo, na nyuma yake Noélie na shela, kamshika mama yake kiuno, shavu mgongoni. Yule mama alikuwa anang'aa. Kama ungemuuliza jina lake wakati ule sijui kama angelikumbuka.

Nyuma yao tu, gari la mwanawe Albertine, milango karibu iko wazi kumngojea Noélie.

"Tazama, Toé," nikasema, "tazama mtoto alivyo..." Nikamgeukia. Alikuwa hacheki. Alikuwa anatazama tangi.

Kumbe Albertine, na nasema kwa nia njema kabisa, Mungu anamwona, moyo ulikuwa umemlainika. Asubuhi aliona pikipiki ya bibi harusi haina hata ua, akasema haiwezekani wifi yangu aende uchi. Wakati Pélagie anavalishwa ndani, yeye akaipamba: kitambaa cha harusi juu ya tangi, na juu ya kitambaa nailoni mpya, imevutwa, imebandikwa utepe pande zote, inang'aa kama peremende. Pélagie alitoka, macho yamejaa bintiye, akapanda, akaondoka. Nani angetazama tangi siku hiyo?

Nikasikia ile pikipiki inakohoa. Mara moja. Halafu tena. Uso wa Pélagie ulibadilika, akashika usukani kama anayeshikilia ukuta unaoanguka. Noélie hakujua kitu, anapunga mkono. Kwa meya bado mbali.

Mtu mwingine angepiga kelele, "Simama, pikipiki ina tatizo!" Na angekuwa amesema kweli. Na Albertine angefungua mlango wa gari, na Noélie angeshuka, na habari ingebaki kusimuliwa mpaka wajukuu: bibi yenu alijaribu.

Toé alikimbia na kitambi chake mpaka katikati ya barabara, akajitupa chini chali, mikono na miguu imetanuka, kanzu ya bluu kwenye vumbi.

"Hapiti Mmosi hapa!" akanguruma. "Bibi harusi wa watumwa wangu anapita mlangoni kwangu bila ushuru? Nikanyageni! Niueni! Mkono mtupu haulambwi!"

Msafara ulisimama na kulipuka kwa kicheko. Hiyo ndiyo haki ya mtani, hata meya mwenyewe angesubiri. Wazee wakaanza kumrushia kola, vijana wanamtishia matairi, "Mvuteni mkia mla mbwa!" Albertine akashuka garini, mikono kiunoni, ndiyo kwanza anafurahi.

"Toka, wewe! Nikukanyage kwa kisigino, ushuru wako huo!"

"Kola sitaki! Nataka kukagua mali!" Toé akainuka, akaizunguka pikipiki anacheza, anainusa. "Punda huyu mwekundu ni wa kwangu, mlimwiba!" Akalikumbatia tangi kwa mikono miwili, akalibusu, watu hoi kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimekimbilia pale na mwiko wangu, eti namcharaza mgongoni, nami ndiye niliyekuwa karibu. Nikaona meno yake. Aliing'ata ile nailoni, akaivuta, kraaa, pamoja na kitambaa.

Fyuuu.

Sauti ndogo, chini ya honi na vigelegele vyote vile. Tuliisikia watatu. Injini iliyokuwa inatetemeka ikatulia, ikaanza kunguruma sawasawa. Pélagie akamtazama Toé, Toé akamtazama Pélagie, uso kwa uso, kati yao tangi tu. Pélagie akafungua mdomo. Nikasema Mungu wangu, atalia, atamshukuru mbele za watu, ataharibu kila kitu.

"Maji nitakunywa Jumatatu," akasema polepole. Halafu akapaza sauti mpaka mwisho wa mtaa: "Nipishe, mtumwa! Namwozesha mwanangu!"

"Kanichania pambo langu!" Albertine akapiga yowe. "Mla mbwa kala nailoni!"

"Ndiyo ushuru wangu, nimeshapokea!" Toé akajifunga ile nailoni kichwani kama kilemba, akacheza pale barabarani huku msafara unampita pande zote mbili, na nyekundu ile ikatangulia mbele mpaka kwa meya, haikukohoa hata mara moja. Nilipofika nilimkuta Noélie bado kamshika mama yake kiuno, hataki kushuka.

Jumatatu Pélagie alikuja, akakaa, akanywa maji. Wakaulizana punda, wakaulizana mbwa. Pikipiki hawakuitaja.

Na Albertine? Mpaka leo anasimulia kila harusi jinsi yule Msamo alivyomharibia pambo, na mimi na Pélagie tunamsikitikia, tunasema watani hawana adabu. Mwezi uliopita alikuja mwenyewe dukani, kasimama mlangoni, anajifanya anatazama barabara.

"Nataka kama ya wifi yangu," akasema. "Nyekundu. Na nailoni usiiguse."

Toé akamvutia kiti, akampa maji, akamwulizia nyumba nzima. Alipomaliza kikombe, Toé akatoa kisu mfukoni, akaenda kwenye pikipiki, akatoboa kitundu kimoja juu ya mfuniko.

"We! Nini hiyo?"

"Ushuru," Toé akasema.

Albertine akaguna, akachukua ufunguo wake. Mimi nikainama kwenye karai langu, nikageuza bajia ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.